Dakika 45 kwa Kila Upande

Mara ya kwanza nilipompelekea kaseti ile ilikuwa mwezi wa tatu, na mvua ilikuwa inanyesha Kasongo, kwetu Kongo, tangu alfajiri. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima yai, kisha akanirudishia.

"Rudi mwezi wa saba," alisema.

Nilidhani ana kazi nyingi. Nikamwambia, "Papa, naweza kungoja hata wiki nzima." Akainua kidevu kuelekea kwenye mabati yaliyokuwa yanatiririka maji.

"Mdogo, huningoji mimi. Unangoja hewa ikauke. Nikiifungua leo, unyevu utaingia mpaka ndani ambako haujafika."

Nilirudi mwezi wa saba. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na vumbi jekundu la barabara ya Kabambare limelala juu ya majani ya miembe kama unga wa mhogo juu ya ungo. Kibanda chake kiko upande wa sokoni: meza ya ubao mzito, kigoda, pano ya jua juu ya bati, betri ya gari chini ya meza. Kwanza aliifuta meza. Akaacha ikauke. Kisha akatandika kitambaa cheupe na kupanga vifaa juu yake kimoja kimoja: turnevisi nne, ambazo watu wa pwani wangeziita bisibisi, mbili kati yake amezitengeneza mwenyewe kwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe, kibano, wembe, njiti za kiberiti zilizozungushiwa pamba, chupa ndogo ya alkoli ya famasi, kopo la poda ya mtoto, na kalamu ya Bic, ambayo unene wake unaingia barabara kwenye meno ya kaseti.

Wembe aliujaribu kabla ya yote. Aliugusisha kwenye sindano iliyolala mezani. Sindano ikainuka kidogo, ikashikamana nao. Akauweka kando na kuchukua mwingine, na huu haukuvuta kitu. Wembe wenye sumaku, alinieleza, ukikata ukanda huacha mlio mahali pa kiungo, na mlio huo haufutiki tena, kwa sababu ukanda wenyewe ni sumaku tu, vumbi la chuma lililogandishwa juu ya plastiki. Nimesikiliza kaseti tangu utotoni na sikuwahi kulifikiria hilo.

Kaseti yenyewe ni ya dakika 90. Mjomba wangu aliinunua enzi zile alipokuwa akienda na kurudi kati ya Kabambare na Uvira kwa biashara ya samaki, akarekodi rege pande zote mbili kutoka kwenye kanda za rafiki zake. Upande mmoja ameandika kwa wino wa bluu: LUCKY D. Upande wa pili: REGE MCHANGANYIKO. Kwa vijana wa wakati ule rege ilikuwa Marley, Alpha Blondy, na zaidi ya wote Lucky Dube wa Afrika Kusini, ambaye aliuawa kwa risasi mjini Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007. Miaka ya vita kaseti ilikaa ardhini, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofukiwa shambani. Ilipofukuliwa tulikosa subira. Tuliitia kwenye redio jioni ile ile, na redio ikaitafuna.

Kwa hiyo kazi ilikuwa na sehemu tatu: koga, mkunjo na mkatiko. Fundi aliziona zote tatu kupitia kidirisha cha plastiki kabla hajagusa skrubu.

Skrubu ni tano. Nne zilitoka bila matata. Ya tano ilikuwa imeshika kutu, na hapo ndipo nilipoanza kumwangalia kwa makini, kwa sababu hapo ndipo mikono ya wengi wetu ingetumia nguvu. Yeye alipasha moto chuma cha kuunganishia risasi, akaiweka ncha yake juu ya kichwa cha skrubu, akahesabu taratibu, akaiondoa, akangoja ipoe, akarudia. Mara ya tatu aliitia turnevisi ya spoku na kuzungusha robo mzunguko, akarudisha nyuma, akazungusha tena. Ilitoka nzima. Aliiweka kwenye kona ya kitambaa, peke yake, iangalie upande ule ule ilikotoka.

Akainua kifuniko kwa kucha mbili. Ndani ya kaseti kuna vitu vichache kuliko mtu anavyodhani: vitovu viwili ambavyo ukanda umejizungusha, viringo viwili vidogo kwenye pembe, karatasi mbili laini za kupunguza msuguano, kibati cha kukinga sumaku ya nje, na katikati ya ukingo wa chini kipande kidogo cha sufi juu ya springi nyembamba, ambacho kazi yake ni kuusukuma ukanda uguse kichwa cha mashine. Kipande cha sufi kilikuwa kimedondoka. Gundi ilikufa zamani. Alivipanga vyote juu ya kitambaa kwa mfuatano wa kutoka, ili kurudisha kuwe ni kusoma mstari kinyumenyume.

Ukanda ulionekana kama keki nyeusi yenye ukingo mweupe. Ule weupe ni koga.

Hapa akafunga mlango wa kibanda, upepo usiingie, akajifunga leso puani. Alichukua kipande cha ngozi laini, akakikunja mara mbili, akaupitisha ukanda katikati ya mkunjo, akashika ngozi kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto bila kubana. Mkono wa kulia ulikuwa na kalamu ya Bic ndani ya kitovu, ukizungusha. Kaseti ya dakika 90 ina ukanda wa mita kama 130, na upana wake haufiki milimita nne. Aliupitisha wote. Kila baada ya mizunguko kadhaa alisimama, akafungua ngozi, akaonyesha mstari wa vumbi la kijivu, akahamia sehemu safi. Alipofika mwisho alibadilisha ngozi na kuurudisha wote upya. Ilichukua saa mbili na nusu. Mtoto mmoja alikuja na redio isiyoshika stesheni, akaambiwa aketi, akaketi, akalala.

Wakati fundi akipumzisha vidole ndipo nilipomtolea simu yangu. Nilikuwa na kitu ambacho rafiki wa Bukavu alinitumia, na nilikuwa nimekibeba wiki nzima nikitafuta mtu wa kusikiliza naye. Tuliiunganisha simu na spika yake, nikacheza bila kusema ni nini. Besi ikaingia, nzito na ya polepole, rege tupu ya Jamaika. Kisha tarumbeta. Kisha sauti za watu wawili wakiimba kwa Kilingala.

Fundi hakuuliza waimbaji ni akina nani. Alisikiliza nyimbo mbili, kichwa amekiinamisha, ndipo akasema, "Hii sauti imepita kwenye ukanda zaidi ya mara moja. Sikia zile sahani za ngoma, zimelainika, zina kama moshi. Lakini besi haikuchoka. Aliyefanya hivi alikuwa na njia chache, na alijua."

Nilistaajabu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hasa.

Waimbaji wale ni Seke Molenga na Kalo Kawongolo, wanamuziki wa Kinshasa ambao mwaka 1977 walijikuta Kingston, mbali na kwao, wamekwama. Kampuni ya rekodi ya Island iliwapeleka kwa mtayarishaji Lee Perry, na Perry akawaingiza kwenye studio yake, Black Ark, aliyoijenga mwishoni mwa 1973 uani kwake, mtaa wa Washington Gardens. Kilikuwa chumba kidogo. Humo alikuwa ametoka kutengeneza *War Ina Babylon* ya Max Romeo na *Police and Thieves* ya Junior Murvin. Watu wa nje walipoingia walishangaa kukuta kwamba sauti pana namna ile inatoka kwenye mashine ya Teac ya njia nne tu, wakati studio kubwa za London zilikuwa na njia 16 na 24.

Nimesoma mengi juu ya namna Perry alivyofanya kazi, lakini nakiri sikuielewa kazi hiyo mpaka nilipokaa karibu na mtu anayeushika ukanda kwa vidole. Njia nne maana yake ni hivi: ukanda wa upana wa robo inchi, kama milimita sita, umegawanywa kwa urefu kama shamba lenye matuta manne. Unapanda ngoma kwenye tuta moja, besi kwenye jingine, gitaa, kinanda. Yamejaa. Na bado hujaweka sauti ya mwimbaji, wala tarumbeta, wala mwangwi. Kwa hiyo Perry aliyachanganya matuta yote manne, akayahamishia kwenye mashine ya pili yakiwa yamebanwa pamoja, kisha akayarudisha kwenye mashine ya kwanza yakiwa yamechukua nafasi ndogo. Matuta yakabaki wazi, akapanda tena. Akajaza. Akahamisha tena.

Kila uhamisho una gharama. Mchakacho wa ukanda, ule mlio wa "shhh", unaongezeka. Sauti kali za juu zinapungua makali. Na ukishachanganya huwezi kurudi nyuma: kama besi ni ndogo kuliko inavyotakiwa, itabaki ndogo milele. Basi mtu anayefanya kazi hivyo lazima asikie wimbo mzima ukiwa umekamilika kichwani tangu anapoweka ngoma ya kwanza. Lazima aikuze besi leo kwa ajili ya uhamisho wa kesho kutwa. Ule ulaini wa sahani aliousikia fundi wa Kasongo ndio alama ya uhamisho huo, na Perry aliujua kabla, akautumia, akaufanya uwe ukungu wa asubuhi unaoizunguka kazi yake yote ya miaka ile. Hata mwangwi wake ulikuwa ukanda. Mashine ya Roland Space Echo ina kitanzi kirefu cha ukanda kinachozunguka bila mwisho kupita mbele ya kichwa kimoja kinachorekodi na vitatu vinavyosoma. Neno linasemwa mara moja, linasomwa mara tatu, kila mara likiwa limechakaa kidogo.

Mwaka ule ule, ndani ya chumba kile kile, Perry alitengeneza albamu nyingine yenye jina letu: *Heart of the Congos* ya kundi la The Congos, Cedric Myton na Roydel Johnson, ambao kwao ni Jamaika. Myton aliimba kwa sauti nyembamba ya juu, Johnson kwa sauti ya kati, na Perry akaona bado kuna pengo chini, akamwita Watty Burnett mwenye sauti nzito. Kuna mlio wa ng'ombe katika kazi za Perry za wakati huo ambao wasikilizaji wengi walidhani ni kichezeo au mashine. Ni Burnett, akiguna ndani ya bomba la karatasi lililofungwa karatasi ya fedha ya jikoni. Nampenda fundi wa namna hiyo. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mashine ya kutoa mlio wa ng'ombe. Alikuwa na koo la mtu na bomba la karatasi, na alijua pa kuviweka.

Na albamu zote mbili zilipatwa na jambo moja. Island haikuzitoa. *Heart of the Congos* ilichapwa Jamaika kwa nakala chache, ikawa kitu cha kusimuliwa, mpaka kampuni ndogo ya Blood and Fire ya Manchester ilipoitoa upya mwaka 1996. Ile ya Molenga na Kawongolo ilitokea Ufaransa mwaka 1979, chini ya lebo ya Sonafric, bila kishindo. Baadaye sana ikatolewa tena Uingereza kwa jina *From the Heart of the Congo*. Black Ark yenyewe iliungua. Perry alifariki tarehe 29 Agosti 2021 akiwa na miaka 85. Ilichukua zaidi ya miaka 40 hata nyimbo zile za Kilingala zifike kwenye simu yangu, Maniema, katika nchi ya waliozitunga.

Kuna jambo hapa linalonigusa kama mtu wa Kasongo. Jamaika, hasa parokia ya Saint Thomas, wana ngoma ya Kumina, iliyoletwa na watu wa bonde la Kongo waliopelekwa kule kwa mkataba wa kazi baada ya utumwa kukomeshwa, katikati ya karne ya 19, na ndani yake yamebaki maneno ya Kikongo. Hao walitoka upande wa magharibi wa nchi, wakavuka bahari. Katika karne hiyo hiyo, upande wetu, misafara ya watumwa ilikuwa ikielekea mashariki. Mfanyabiashara Tippu Tip aliifanya Kasongo makao yake, na njia ilipita Kabambare, ikaenda ziwani, Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo. Nchi moja ilimwaga watu kwenye bahari mbili. Ninapowasikia wanaume wawili wa Kinshasa wakiimba juu ya besi ya Kingston, nasikia watu wanaokutana na jamaa ambao hawakujua kwamba wanao.

Fundi alikuwa amekwisha kunywa chai. "Zima kwanza," alisema. "Sasa mkunjo."

Mahali ambapo redio ilitafuna palikuwa na urefu wa kidole na nusu, ukanda umekunjamana kama ganda la ndizi kavu, na mwishoni umekatika kabisa. Aliulaza juu ya kioo, mgongo juu, akaufunika kwa karatasi nyembamba, akasugua juu ya karatasi kwa mgongo wa ukucha wa kidole gumba: upande mmoja tu, kutoka katikati kwenda nje, bila kurudi. Aligeuza karatasi. Akasugua tena. Makunjo hayakwisha, lakini yalilala. Kuna mahali pa urefu wa nusu sentimeta ambapo vumbi la sumaku lilikuwa limebanduka, plastiki tupu inaonekana. Nilimwona akifikiri. Hakupakata. "Hapa sauti itapotea kwa kupepesa jicho," alisema. "Nikikata, wimbo utaruka, na sikio litajua. Afadhali kimya kidogo kuliko kuruka." Watu wanaotoa upya albamu za zamani huko Ulaya hubishana juu ya jambo hilo hilo mbele ya kompyuta za bei kubwa, na wale ninaowaamini zaidi huamua kama alivyoamua yeye.

Mahali palipokatika alizipandisha ncha mbili moja juu ya nyingine, zikalingana, akakata zote pamoja kwa wembe mara moja, kwa mshazari. Mshazari ni kwa sababu kiungo kilichokatwa wima hupita mbele ya kichwa ghafla na husikika. Cha mshazari hupita kidogo kidogo. Akaziondoa takataka, akazikutanisha ncha bila kupandana na bila kuacha mwanya, akabandika mgongoni kipande cha gundi ya plastiki chembamba kuliko ukanda wenyewe. Kisha akagusa poda ya mtoto kwa ncha ya kidole na kupitisha pembeni mwa kiungo. Gundi ya dukani hutoa jasho ikizeeka, alisema, na jasho hilo hushika tabaka la juu yake, poda hulikausha. Akapuliza.

Ukanda wote akauhamishia ndani ya ganda la kaseti nyingine, ya mahubiri, ambayo mwenyewe aliiacha hapo miaka mingi bila kuifuata. Viringo vyake vilikuwa vyepesi na sufi yake bado imeshika. Alifunga skrubu tano kwa mpangilio wa msalaba, akizikaza kidogo kidogo, kama mtu anayefunga gurudumu la gari.

Nilifikiri tumemaliza. Ndiyo kwanza alikuwa anaigeukia mashine.

Mashine yake ni deki ya zamani ambayo imebaki bila kifuniko, ili aone kinachotokea. Alisafisha vichwa kwa pamba na alkoli. Pamba ya kwanza ikatoka ya kahawia, ya pili ya chai, ya tatu nyeupe. Alisafisha kiringo cha mpira kinachouvuta ukanda. Kisha akapima mwendo, na kipimo chake ndicho kitu kilichonifanya niamue kuandika haya. Ukanda wa kaseti unatakiwa kwenda sentimeta 4.76 kwa sekunde. Yeye hana chombo cha kupimia kasi. Ana kaseti moja aliyoitengeneza mwenyewe: aliunyoosha ukanda juu ya sakafu, akapima kwa futi ya fundi cherehani mita 4 na sentimeta 76, akaweka kiungo kwa wembe wenye sumaku mwanzo na kingine mwisho. Ule mlio ambao kwenye kazi ya mteja ni kosa, hapa aliupanda kwa makusudi. Ukiicheza kaseti hiyo unasikia "tak", halafu kimya kirefu, halafu "tak". Kati ya mlio na mlio lazima zipite sekunde 100. Alishika saa. Zilipita 98. Mashine ilikuwa inakimbia. Akaingiza turnevisi nyembamba kwenye tundu la nyuma ya mota, akagusa, nisingesema alizungusha. Akarudia kipimo. Sekunde 99. Akagusa. Sekunde 100. Akarudia mara mbili zaidi kuhakikisha, yaani zaidi ya dakika tatu nyingine za kukaa kimya tukisubiri "tak".

Kisha ndipo akaitia kaseti ya mjomba.

Sauti ilitoka, na mimi nikafurahi kabla ya wakati. Ilikuwa kama mtu anaimba nyuma ya mlango. Fundi akatafuta skrubu ndogo kando ya kichwa, ile yenye springi, inayoinamisha kichwa kushoto au kulia. Mashine iliyorekodi kaseti ile zamani kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo, kila mashine ina mwinamo wake. Ili kuisoma vizuri, kichwa cha leo lazima kiiname vile vile kama cha siku ile. Alifumba macho. Alizungusha, sauti ikazidi kuzama. Akarudi, akapita pale ilipoanzia, akaendelea upande wa pili, na sahani za ngoma zikafunguka, "ts, ts, ts", kavu na karibu, zikafuatiwa na kinanda ambacho sikujua kimo, na pumzi ya Lucky Dube kabla ya mstari. Akapita mbele kidogo ili ahakikishe zinaanza kupotea tena, akarudi pale pale. Nilimwuliza anajuaje kwamba amefika. "Nikipita pande zote mbili nikakuta pabaya," alisema, "pazuri ni katikati."

Huko kwenye maabara za kanda kubwa za studio, kazi ni ile ile kwa vyombo vingine. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake imenyonya unyevu, ikageuka kunata. Ukizicheza hivyo zinabanduka juu ya kichwa. Basi huokwa: saa nyingi, mara nyingi nane au zaidi, kwenye joto la nyuzi kama 54, chini kabisa ya joto la mkate, kisha huachwa zipoe kwa muda mrefu kama huo. Baada ya hapo unapata wiki chache za kuzicheza kabla hazijarudia hali yao. Tunasikia kwamba albamu iliyopotea imepatikana, tunashangilia aliyeikuta kabatini. Mimi nawafikiria waliokaa karibu na tanuri wakitazama kipimajoto.

Kurekodi kulikuwa ndiko kusikokuwa na ujanja wowote. Kutoka kwenye deki waya ulikwenda kwenye kompyuta yake ndogo, inayotumia umeme wa betri ya gari. Jenereta la jirani haligusi wakati wa kazi hii, kwa sababu mngurumo wake huingia kwenye waya. Alicheza sehemu yenye kelele kuliko zote, akaangalia mishale isifike kwenye nyekundu, akairudisha, akaanza upya. Faili aliiacha kubwa, bila kuibana. Halafu ni kusubiri. Ukanda hauna njia ya mkato. Upande wa dakika 45 unahamishwa kwa dakika 45. Alikaa amesikiliza mwanzo hadi mwisho, mikono imepumzika magotini, na ukanda ulipofika pale penye plastiki tupu alitikisa kichwa kidogo kabla ya ule ukimya kutokea. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyoogopa. Mtoto mwenye redio aliamka katikati ya wimbo, akasikiliza, akatingisha mguu.

Upande wa pili, REGE MCHANGANYIKO, ulikuwa na kichwa cha mwinamo tofauti. Mjomba aliurekodi kwa mashine nyingine. Fundi aliligundua hilo katika sekunde tano za mwanzo, akasimamisha, akaanza kutafuta upya.

Tulipomaliza, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya soko. Alinipa faili kwenye kadi ya simu yangu, akaweka kaseti ndani ya boksi lake. Mimi, kwa mazoea, niliiona imesimama mwishoni, nikachukua kalamu ya Bic niirudishe mwanzo.

"Hapana, mdogo. Iache." Akaichukua mkononi mwangu. "Imejizungusha taratibu, kwa mwendo wake. Imelala sawa. Ukiirudisha kwa haraka itabana mahali na kulegea mahali, na itakaa hivyo miaka. Siku utakayotaka kuisikia, ndipo uirudishe."

Aliandika juu ya karatasi ndogo, IKO MWISHONI, akaiingiza chini ya kifuniko, akamgeukia mtoto na kumwuliza redio yake ilianza lini kukataa.